Soksi Nyeupe Katika Nyumba ya Bibi Zena

Mwaka aliofariki baba nilikuwa na miaka kumi na minne, na darasa la tatu sikulimaliza. Nilikwenda peku kuomba kazi kwenye josho karibu na Ikungi. Josho, kwa ninyi mnaonyunyizia ng'ombe kwa bomba la mgongoni, ni handaki lenye maji ya dawa: ng'ombe anarukia huku anatokea kule, kupe wake wamekwisha. Siku ya kwanza dume moja lilinisukuma humo mzima mzima. Bwana Mifugo, mtaalamu wa serikali aliyesimamia josho, alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa wewe huna kupe," alisema. "Kesho uwahi."

Nikaitwa Josho tangu siku hiyo. Kusoma kulinishinda, lakini dawa ikipungua nguvu pua yangu ilijua kabla ya wasomi. Bwana Mifugo alipohamishiwa Itigi, alinichukua.

Huko ndiko nilikojifunza mambo ya paka. Bibi Zena, mjane wa fundi wa reli, alikuwa amekaa kwa binti yake Manyoni miezi mitatu, nyumba imefungwa, paka wake akilishwa uani na jirani. Aliporudi, majirani waliomwingizia mizigo walitoka mbio. Miguuni walikuwa na alama nyekundu, tatu tatu kwa mstari, kama wameshikwa na vidole. Ikasemwa marehemu anatembea mle ndani. Halafu ikasemwa bibi ndiye aliyemwita. Balozi wa nyumba kumi akampa mpaka Ijumaa awe amehama.

"Nihamie wapi, mwanangu?" aliniuliza. "Hii nyumba mume wangu kafyatua matofali yake mwenyewe."

Alhamisi mimi na Bwana Mifugo tulikwenda kwake, saa sita mchana. Bwana Mifugo alinipa soksi nyeupe, nikazivuta mpaka magotini.

"Ingia. Piga mguu chini mara mbili, halafu usimame. Usiongee."

Nje jua lilikuwa linachoma. Mle ndani kulikuwa na ubaridi wa chumba ambacho hakijapikiwa siku nyingi, na sakafuni magazeti ya zamani. Nilipiga mguu mara mbili. Kimya. Kisha nikasikia kama mchanga mwembamba unamwagwa juu ya karatasi, kutoka pembe zote, ukija kwangu. Nikatazama chini. Soksi zilikuwa zinageuka nyeusi, kuanzia vidoleni kupanda juu.

"Wananisubiri!" nikapiga kelele.

"Ndiyo kazi yao," alijibu kutoka mlangoni.

Akanieleza. Kiroboto hutaga kwa paka, mayai yanadondoka sakafuni, funza wake wanajifungia kwenye vifuko vidogo. Humo wanakaa miezi bila kula, mpaka wasikie nyayo. Nyumba tupu haiwaui. Nyumba tupu inawaweka.

Tulitoa magazeti tukayachoma, tukaanika mikeka, tukamwaga maji ya moto kwenye nyufa, tukafagia mara tatu. Jioni Bwana Mifugo akasema, "Paka mwachie mimi. Kesho naleta dawa yake."

Mimi nikaona ananidharau. Nimeogesha maelfu ya ng'ombe, nishindwe na paka? Alipoondoka nikachukua dawa ya josho kidogo, nikaichanganya na maji, nikamwogesha. Paka hujilamba, vijana. Anachopakwa mgongoni anakila. Asubuhi nilimkuta mlangoni anatetemeka, mate yanamtoka, macho wazi yananitazama. Akafa hivyo hivyo.

Balozi akafika na watu wake. "Mmeona? Hata paka hakuvumilia humo."

Bibi Zena alikuwa ameshakunja mkeka wake.

Ningenyamaza, nisingeulizwa na mtu. "Paka nimemuua mimi," nikasema. "Kwa dawa ya ng'ombe. Nilikatazwa, nikajifanya najua."

"Daktari wa paka huyo!" mmoja akadakia, na wakacheka. Nikawaacha wacheke. Nikavua soksi zile nyeupe, nilizokuwa nimezifua jana jioni, nikampa balozi azivae, nikamwambia apige mguu mara mbili kama mimi. Akaingia, akapiga mguu, akasimama, jasho linamtoka.

"Mbona viroboto ni wanne tu?" akauliza.

"Wengine tumewachemsha jana."

Akaondoka na soksi zangu miguuni. Bibi Zena alibaki nyumbani kwake mpaka alipofariki. Mimi hakunisalimia mwaka mzima, na ilikuwa haki yake.

Nimestaafu. Ninachojua ni hiki: paka mchane kwa kitana chenye meno ya karibu, viroboto uwatose kwenye maji ya sabuni. Vumbi jeusi la manyoya liweke kwenye kitambaa kilicholowa maji. Likitoka wekundu, hiyo ni damu yake. Ukiona kama punje za mchele chini ya mkia, hiyo ni minyoo, na imeletwa na viroboto. Dawa iwe ya paka, kwa uzito wake. Si ya ng'ombe. Si ya mbwa.

Leo nina nyumba ya bati vyumba vitatu, ng'ombe saba, mizinga kumi na miwili, kitana kimoja, paka wawili, na jozi moja ya soksi nyeupe. Nikitoka safari nazivaa kabla ya kufungua mlango. Napiga mguu mara mbili, nasikiliza.