Sentimita Thelathini na Moja

Lubbert Terlouw alikuwa mtu mgumu, na sitamlainisha kwa sababu tu amestaafu. Miaka thelathini na mmoja tulifanya kazi kwenye mnara wa kupimia upepo, katikati ya malisho ya ng'ombe, kwenye ardhi ambayo bila pampu ingekuwa ziwa. Yeye mtaalamu wa hali ya hewa, mimi Wendela, fundi wake.

Alichokitafuta ni msukosuko, jinsi upepo unavyojivuruga karibu na nyasi kwa mizunguko midogo isiyoshikika. Wengi walimwona anachota maji kwa pakacha. Lakini namba zake zilisema jambo: kwenye chombo cha chini kabisa, mita mbili kutoka ardhini, upepo ulizidi nguvu mwaka hadi mwaka. Kidogo sana, ila bila kukosa. Akaandika makala, akaalikwa huku na huko, akapata jina. Sharti lilikuwa moja tu, namba zisikatike hata siku moja.

Ndiyo maana siku mkewe, Ada, alipokuwa anakata roho hospitalini, na vyombo vimeganda barafu, Lubbert alikuwa mnarani pamoja nami, akiibandua. Nilimwambia aende. "Kesho," alisema. "Ada anaelewa." Kesho yake Ada hakuwepo. Sikumsamehe, ila nilibaki kazini.

Miezi miwili kabla ya kustaafu kwake, tulikuwa tunakunywa kahawa mlangoni mwa kibanda chetu cha kazi, chini ya mnara, na Neeltje, mwenye malisho, mwanamke asiyemwogopa mtu.

"Profesa, unazeeka au unanenepa?" alimtania. "Siku hizi ukishuka hapo unashika ukuta kama mjamzito."

"Ngazi yako mbovu."

"Ngazi haina kosa. Baba alipowajengea hiki kibanda kulikuwa na kidato kimoja. Cha pili nimeongeza mwenyewe. Nyasi zinashuka, bwana. Kibanda kiko juu ya nguzo, hakiendi popote."

Lubbert akaweka kikombe chini.

Huku kwetu kila mtu anajua kwamba udongo unatitia. Pampu zinavuta maji, mboji inakauka na kunywea, sentimita moja kwa mwaka. Nyumba zinabaki juu ya nguzo zilizopigiliwa hadi kwenye mchanga, na watu hununua mchanga kujazia bustani bila hata kulalamika. Lubbert mwenyewe alikuwa akijazia yake. Na mnara wetu nao ulisimama juu ya nguzo. Kila Aprili nilipima urefu wa vyombo kwa tepu kuanzia kwenye zege la msingi, kama alivyonifundisha, na kila Aprili niliandika mita mbili. Tangu mwaka wa kwanza hakuna kati yetu aliyepima kuanzia kwenye nyasi.

Alichukua tepu, akapiga magoti kwenye tope. Mita mbili na sentimita thelathini na moja.

Upepo haukuwa umeongezeka. Ardhi ndiyo iliyokuwa ikivikimbia vyombo, na juu upepo huvuma zaidi kuliko chini, hilo hata mtoto mwenye kishada analijua. Nilitamani kulia kwa hasira.

"Nyamaza," nilimwambia Lubbert baada ya Neeltje kuondoka. "Miezi miwili tu, Lubbert. Chukua maua yako ya kuagwa uende nyumbani. Nani atakuja kupima nyasi?"

"Wewe ungenyamaza?"

"Ndiyo." Na nilimaanisha.

Alipiga hesabu upya kwa wiki tatu. Ongezeko lilikuwa sifuri. Akaandika barua za kufuta makala zake, moja baada ya nyingine.

Siku ya kumuaga tuliketi kwa duara, kila mmoja na kahawa yake na kipande cha keki. Mkuu wetu akasifu uaminifu wake, akasema sayansi inasonga mbele kwa watu wa namna hii. Lubbert aliinua mkono kumkatiza.

"Usinisifu. Wendela aliniambia niende hospitali, nikasema kesho. Nilidhani ninachokilinda pale ni kitu cha maana."

Mtu mmoja alimsogezea sahani ya keki. Ndipo Lubbert akanigeukia, akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Ada alipiga simu kibandani siku ile. Mara tatu. Niliisikia ikilia."

Nilitazama kikombe changu. Mimi pia niliisikia, nikaendelea kubandua barafu.