Maungamo ya Neema

Harufu ya petroli ya jenereta, ikichanganyika na ya turubai lililopigwa na jua, hunirudisha hadi leo kwenye kibanda cha video cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Nilikuwa na miaka kumi. Baba, mzee wa kanisa aliyetoka Fizi, Kongo, na nyimbo zake zote kichwani, alikuwa ametukataza hata kupita mlangoni pake. "Takataka ya macho haifagiliwi," alizoea kusema, na mazungumzo yaliishia hapo. Basi mlangoni hatukupita. Mimi na Neema tulichungulia kwa nyuma, kwenye tundu la turubai, tukipokezana kama watu wanaokula muwa mmoja.

Neema alikuwa jirani yetu, yatima wa miaka minane aliyelelewa na shangazi yake. Alasiri moja tuliona filamu ya mtoto mchawi. Msichana mdogo alivuka ziwa ndani ya ganda la karanga, akapewa kikombe chekundu na mwanamke mwenye jino la dhahabu, na kila alipokinywea, mtu wa kwao alikufa. Neema alinishika mkono hadi kucha zikaingia. Tuliamini yote. Hatukujua kwamba kuna mtu alikaa mahali akayatunga.

Wiki ile ile mtoto mchanga wa shangazi yake alishikwa na homa, akafa. Baada ya mazishi nilimwona shangazi akimvuta Neema kuelekea chumba cha maombi upande wa pili wa kilima. Alikuwa amemwambia mama kwamba Neema hukojoa kitandani na kuongea usingizini, na kwamba hizo ni dalili za uchawi.

Jumapili, ibada ilipokwisha, mwanamke mmoja alimsogelea mama.

"Kale katoto kameungama," alisema kwa sauti ya chini. "Eti kalivuka ziwa mu ganda ya karanga. Kakapewa kikombe nyekundu na mwanamuke wa jino ya zahabu. Mutoto wa miaka munane atatoa mambo ya vile fasi gani?"

Mama alifunika mdomo. Nilikuwa nyuma yake, nimeshika Biblia yake. Katika kanisa zima, mimi peke yangu nilijua hadithi ile ilikotoka. Wengine hawakuwahi kuiona, wangeitambuaje? Na kusema kulikuwa kujipeleka mwenyewe kwenye fimbo ya baba.

Nikanyamaza. Siku mbili. Nilichota maji, nikachambua maharagwe, nikaimba kwenye kwaya ya watoto. Kutoka kilimani tulisikia makofi ya waombaji, na katikati ya makofi sauti nyembamba ikilia. Halafu sauti ile ikakoma. Hapo ndipo niliposhindwa.

"Mama, ile ni filme," nilisema. "Tuliiona na Neema. Iko vile vile."

Mama alimwita baba. Nilingoja fimbo. Baba akachukua koti lake.

"Twende. Utaniambia mu njia."

Nilimsimulia tukipanda. Karibu na kilele akauliza, "Na mwisho inakuwaka namna gani?"

"Banamuchoma moto, baba."

Baba akaanza kukimbia.

Tulimkuta Neema juu ya mkeka, midomo imepasuka, hajala wala kunywa tangu apelekwe pale. Baba alinisimamisha mbele ya watu nikasimulia filamu yote, kuanzia ganda la karanga. Nilipofika kwenye jino la dhahabu, shangazi aliketi chini akajifunika uso kwa kitenge.

Neema alilazwa hospitali ya Ruharo, kule Mbarara, akapona. Tulipokwenda kumwona nilimuuliza kwa nini alisema vile.

"Balikuwa bananiuliza, bananiuliza," alijibu. "Nikabaambia ile niliyoijua."

Baba hakunichapa. Tangu siku ile, kila tulichokiona au kukisikia redioni alituketisha na kutuuliza: nani ametunga hii, na anataka tumwogope nani? Wazee wenzake walimlaumu kwamba amelegea.

Kwa miaka mingi niliomba msamaha kwa kuchungulia kwenye lile tundu. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipoelewa kwamba Mungu ataniuliza zaidi juu ya zile siku mbili.