Kombi ya Miwani

Harufu ya petroli iliyochanganyika na mpira uliopata moto hunirudisha kwenye kombi ya mjomba wangu Saidi, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Sisi watoto wa Isevya, mtaa wa pale Tabora mjini, tulikuwa mabingwa wa kuyapa magari majina. Kombi za zamani, zenye kioo cha mbele kilichogawanywa katikati, tuliziita Miwani. Zilizokuja baadaye, zenye kioo kimoja kipana, tuliziita Sinia. Tulibishana mpaka koo zikauka ni ipi nzuri. Ya mjomba ilikuwa Miwani, kwa hiyo mimi na mdogo wangu Zuhura tulikuwa watu wa Miwani, na asiyetaka ashike njia yake.

Kiangazi kimoja tulikwenda upande wa Nzega kumwona bibi, aliyekuwa amehamishiwa kijiji kipya. Huko Zuhura akashikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, akawa hamjui hata mama. Zahanati haikuwa na dawa. Mjomba akatupakia sote, baba, mama, Zuhura na mimi, tukashika barabara ya vumbi kurudi Tabora, ile iliyopita walikopita wapagazi wa zamani. Katikati ya pori la miombo mkanda wa feni ukakatika, injini ikachemka. Mjomba aliazima baiskeli kwa mpita njia, akaondoka mbiombio kutafuta mkanda mwingine mbele ya safari.

Baba alikuwa fundi cherehani, lakini ujanani alikuwa utingo wa malori, na lori likichemka dawa yake ni maji. Angewezaje kukaa tu huku mwanawe anahema vile? Wakatokea wanawake wawili wametoka kisimani, na kisima chenyewe kiangazi kile kilikuwa mbali mno. Walitua ndoo zao, wakamtazama Zuhura, wakampa baba maji yote kabla hajamaliza kuomba. Akafungua mlango wa nyuma ilikokaa injini, akaona kifuniko, akakizungusha, akamimina taratibu huku akisema bismillahi. Mimi nilijua tumeshapona. Nilijisikia fahari kuwa na baba wa namna ile.

Mjomba alirudi na mkanda, akakuta ndoo tupu.

"Maji umeyatia wapi, shemeji?"

Baba akamwonyesha.

"Hapo ni pa oili," mjomba alisema polepole. "Hii haina rejeta. Inapozwa na upepo tu."

Oili nyingine hatukuwa nayo. Mjomba aliyamwaga maji yaliyokubali kutoka, akafunga mkanda, akajaribu kuwasha. Injini ikagonga, ikanyamaza, haikunguruma tena. Baba akakaa chini kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe. Jua linashuka ikaja Sinia moja, imejaa pomoni. Abiria wakabanana, mama akapata nafasi, Zuhura mapajani. Sisi watatu tulibaki tukiitazama ikienda, hatuna la kufanya. Zuhura alifia njiani, kabla hawajaziona nyumba za Tabora.

Baba hakulaumiwa na mtu, na nadhani hilo ndilo lililommaliza. Mama alimpakulia chakula kama kawaida. Mjomba aliendelea kumwita shemeji. Laiti mmoja wao angempigia kelele, angalau angepata wa kumjibu.

Leo barabara ile ni lami tupu, na mtu hutoka Nzega asubuhi akala chakula cha mchana Tabora. Mjukuu wangu ni mpenzi wa kombi za kale. Ana picha tele kwenye simu, kila toleo na jina lake, na majina yao wala si yale yetu. Juzi alinionyesha Miwani moja inang'aa, akaanza kunifundisha: injini iko nyuma, haitiwi maji, hupozwa na upepo. Nikamwuliza amelijulia wapi.

"Hilo mbona kila mtu analijua, bibi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, mjukuu wangu, siku hizi kila mtu analijua.