Kumi na Nne Badala ya Kumi na Sita

Enzi za Waingereza nilikuwa karani wa reli pale Tabora. Kila Jumatatu baada ya kazi nilikwenda kwenye klabu ya gofu ya Wazungu kumtaipia katibu wao orodha. Kucheza sikuruhusiwa, lakini hesabu za mchezo ule nilizijua kuliko wengi waliocheza.

Kila mchezaji alikuwa na handikapu yake, yaani idadi ya mapigo anayopunguziwa mwishoni ili aliye dhaifu aweze kushindana na hodari. Baada ya shindano kamati ilikaa na kadi. Aliyeshinda, handikapu yake ilishushwa. Aliyeboronga mara kwa mara aliongezewa pigo moja, tena kwa shingo upande. Mimi nilipewa karatasi yao, nikaitaipu, nikaibandika ubaoni.

Safari hiyo mshindi alikuwa mkubwa wangu wa reli, mtu mwenye hasira za karibu. Kamati ilimshusha kutoka kumi na nane hadi kumi na sita. Nikabandika orodha, nikarudi nyumbani, mtaa wa Ng'ambo. Asubuhi, nikifunga vifungo vya shati, nikakumbuka: nilimwandikia kumi na nne, namba ya mtu wa mstari wa chini.

"Mbona umeduwaa?" mke wangu akauliza.

Nikamweleza.

"Kawaambie kabla hajaona."

"Hupita klabu kila asubuhi kabla ya ofisi."

"Basi ameshaona. Mwambie hivyo hivyo."

Nilitembea hadi ofisini. Nilikuwa nimempokonya mapigo mawili ya haki yake. Nilitegemea matusi. Nilipofika nikamkuta anacheka kwenye simu: "Kumi na nne! Kwa mara moja!" Kwake ilikuwa sifa, kamati imemwona mchezaji wa kweli. Aliponiona akaniita.

"Karani, si wewe uliyeitaipu? Umeona?"

"Nimeona, bwana."

Heri angenitukana. Nilikaa mezani, kila barua niliyotaipu ikatoka na makosa. Saa nne nikabisha mlango wake.

"Bwana, ile kumi na nne ni kosa langu. Kamati iliandika kumi na sita."

Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu vifungo vya koti lake.

"Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu tu, bwana."

Akafunika kalamu yake taratibu. "Karekebishe."

Nilikwenda klabu mchana ule ule, nikaitaipu orodha nzima upya. Nilipokuwa nabandika, mabwana wawili wakasoma nyuma yangu, wakaangua kicheko. Nikajua watamtania.

Wiki mbili baadaye nikapata barua ya uhamisho kwenda Bukene, stesheni ndogo kwenye njia ya Mwanza. Sababu haikutajwa. Mke wangu alifunga masufuria. Kule Bukene kila treni kutoka Tabora iliposhusha mfuko wa barua, niliufungua mbio kutafuta bahasha yenye jina langu. Nilingoja ya kufukuzwa kazi. Haikuja.

Baada ya mwaka na ushei yule mkubwa wangu alikuja mwenyewe kukagua. Alipekua vitabu, mimi nimesimama wima kama nashtakiwa. Akatia sahihi.

"Nyumba unayokaa inavuja?"

Sikujua jibu lipi ni salama. "Inavuja, bwana."

Akapanda treni. Wiki iliyofuata yakaja mabati mapya. Tulikaa Bukene miaka minne, na watoto wetu wawili walizaliwa chini ya mabati yale.