Makopo ya Uzi wa Kijani

"Ndoa nyingi za Garissa zitavunjika kabla nyirinyiri yangu haijaharibika," Kaltun, mpishi wa nyama hiyo ya ngamia inayokaangwa ikawekwa makoponi, aliwatangazia watu kwenye maonyesho ya biashara, kipaza sauti mkononi. Waliocheka sana ni wale ambao ndoa zao zilikuwa tayari zimeanza kunuka.

Baadaye duka la mjini Elwak, mteja wake mkubwa, likarudisha makopo yenye ukungu. Mwenye duka akasema yakiharibika tena atatafuta mpishi mwingine. Kaltun alimlaumu Bishar, mchinjaji wa ngamia. Akalaumu vifuniko. Akailaumu hata mvua, na mvua yenyewe ilikuwa haijanyesha.

Ramla, binti wa kaka yake, aliyelelewa naye na sasa anapika naye, hakubishana. Alianza kufunga nyuzi mbili kwenye kila kopo. Uzi wa kwanza ulionyesha nyama ya nani: mwekundu kwa Bishar, mweusi kwa mchinjaji mwingine. Wa pili ulionyesha nani ameonja, maana nyirinyiri hukaangwa mpaka maji yote yaishe, na kabla ya kuepua lazima mtu aume kipande asikie kama kinalia kwa ukavu. Akionja Kaltun, uzi wa kijani. Akionja Ramla, mweupe.

Makopo yakawekwa, yakangojwa. Ukungu haukubagua mchinjaji. Mwekundu umo, mweusi umo. Lakini kila kopo lililooza lilikuwa na uzi wa kijani.

Ramla aliyatazama. Utamwambiaje aliyekulea kwamba yeye ndiye ukungu? Sufuria iliyofuata alikaa karibu, akamwona shangazi yake akiuma kwa meno ya mbele, akikizungusha kipande, akikimeza kizima, kisha akiamuru sufuria iepuliwe.

"Eddo," Ramla alimwita, kama Wasomali wanavyomwita shangazi, "fungua mdomo."

"Kwani mimi ngamia wa mnadani?"

"Fungua tu, Eddo."

Magego ya chini hayakuwepo. La mwisho aling'olewa kabla ya Ramadhani, akaficha.

"Wakijua," Kaltun alisema, macho kwenye moto, "watasema mpishi amekwisha."

"Nani atawaambia? Mimi nitauma, wewe utasikiliza."

Kaltun akaegemeza sikio kwenye shavu la Ramla, shavu alilokuwa akilipangusa uji zamani. Ramla akauma.

"Bado," Kaltun akasema. Wakachochea. Akauma tena.

"Hapo. Epua."

Elwak hawakurudisha kopo tena. Ramla akampeleka shangazi yake kwa daktari wa meno. Magego ya bandia ya chini, pande zote mbili, shilingi elfu kumi na mbili, ili uzi wa kijani urudi kwenye makopo.