Mlango wa Kitanda

Ofisini kwetu tulimwita Mama Futi, na sisi tuliona ni utani tu. Alitembea na futi ya chuma kwenye mkoba, ile ya mafundi ya kuvuta na kuachia, na popote alipoingia alipima mlango. Benki alipima. Shuleni kwa watoto wake alipima. Siku mke wangu alipomwalika kula kwetu, alipima mlango wa chumba chetu cha kulala kabla hajanawa mikono. Mke wangu akanivuta jikoni kuniuliza kama mwenzangu ni mzima. Nikamwambia wachoraji ndivyo tulivyo. Nilidanganya. Mimi pia ni mchoraji, nachora nyaya na taa za majengo, na sijawahi kupima mlango wa mtu.

Tulikaa meza zinazotazamana kwa miaka kumi na mmoja. Siku hizi jengo linajengwa kwanza ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta, na kila kitu kinabeba habari zake: mlango unajua upana wake, kimo chake na ukuta unaoushika. Hiyo tunaiita modeli. Ukishamaliza jengo moja, la pili huanzi sifuri. Unafungua modeli zote mbili, unanakili kutoka hii, unabandika kwenye ile. Mama Futi alikuwa bingwa wa kunakili. Bosi alisema mkono wa mama yule haukosei, na mimi nilikuwa namwonea wivu, niseme ukweli.

Kazi iliyomponza ilikuwa ya hospitali, wodi mbili. Ya kwanza aliimaliza vizuri, milango ya kupitishia vitanda ina sentimita mia na ishirini, na aina hiyo ya mlango akaipa jina jepesi: Mlango wa Kitanda. Alipofika ya pili akanakili milango kumi na minne kutoka ya kwanza, akaibandika. Hakujua kwamba ndani ya modeli ya pili kulishakuwa na aina nyingine yenye jina hilohilo, iliyowekwa kwa muda na mtu aliyekuwa anajaribu mpangilio wa vyumba. Hiyo ilikuwa ya sentimita tisini. Kompyuta ikikuta majina mawili yanafanana haigombani na mtu. Inabaki na vipimo vya mwenyeji, vya mgeni inavitupa. Ikaleta ujumbe mdogo katikati ya kioo kumweleza hivyo hivyo. Ujumbe wa aina hiyo tunaupata mara ishirini kwa siku. Akabonyeza Sawa, milango ikakaa mahali pake, na yote imepungua sentimita thelathini.

Mafundi wakajenga walichopewa. Vitanda vikaja vipandevipande, vikafungwa humohumo vyumbani, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Wauguzi walizoea upesi: ukishusha vyuma vya pembeni, kitanda kinapita kwa kukwaruza.

Mwaka mmoja baada ya wodi kufunguliwa, asubuhi, mama mmoja mzee alizidiwa, ikabidi akimbizwe chumba cha upasuaji. Alikuwa na dripu upande mmoja na mtungi wa hewa upande mwingine, na vyuma vilikuwa juu ili asianguke. Msukuma vitanda wa zamu alifika naye mlangoni, kitanda kikakwama. Walikaa pale dakika nne wakihamisha dripu na mtungi na kushusha vyuma. Mama yule alifia kwenye korido.

Uchunguzi ukafanyika. Msukuma vitanda akasema mlango ulikuwa mwembamba. Wakubwa, badala ya mtu mmoja kunyanyuka akapime, wakaandika barua ofisini kwetu kuomba mchoro. Barua ikafika mezani kwa Mama Futi. Akafungua modeli ya wodi ya kwanza, maana aliamini milango ni ileile, akachapa karatasi inayoonyesha sentimita mia na ishirini, akaweka sahihi yake chini. Kwa karatasi hiyo msukuma vitanda akaonekana mzembe na mwongo juu yake. Akafukuzwa.

Mama Futi hakujua lolote kati ya haya; barua iliomba mchoro tu, haikusema sababu. Alijua miaka miwili baadaye, shangazi yake alipolazwa wodi ya pili. Alimwona muuguzi anashusha vyuma, anasukuma, anakwaruza. "Huu mlango una kiburi, mama," muuguzi akamwambia akicheka. "Kuna mwenzetu alifukuzwa kazi kwa ajili yake." Mama Futi akamdodosa mpaka akasikia habari za yule mama mzee, kisha akaupima mlango kwa kiganja. Shibiri nne na kidole kimoja. Akamwacha shangazi yake na chupa ya uji, akarudi ofisini, akafungua modeli mbili kwa pamoja. Nilikuwepo. Nilimwona anaangalia kioo, kisha anaangalia mikono yake, kisha kioo tena.

Alinieleza siku hiyohiyo, saa ya chakula, wengine wakiwa nje. Na mimi nikampa ushauri ambao hadi leo unanichoma. Nilimwambia anyamaze. "Mama wa watu keshazikwa," nikamwambia. "Ukisema, ofisi inafungwa, na wewe una watoto. Utamfufua nani?" Nilijiona mtu wa busara kweli. Akaitikia kwa kichwa, na wiki iliyofuata akanunua futi.

Akanyamaza miaka minne, na katika miaka hiyo mwanamke yule hakuwa peke yake pale mezani. Mimi si mtu wa mambo ya mashetani, lakini niliyaona. Saa nne za asubuhi, jua limejaa dirishani, simu zinalia, yeye ameshika kipanya, anataka kubandika, hawezi. Ujumbe umetokea. Anausoma. Anausoma tena kwa kunong'ona. Halafu anageuza shingo kuelekea korido ya ofisi yetu, ambayo haikuwa na kitu zaidi ya ndoo ya mfagiaji.

"Umesikia?" aliniuliza siku moja.

"Nini?"

"Magurudumu."

Nikamwambia ni mkokoteni wa maji, upo barabarani. Haukuwepo. Nilichungulia.

Alikuja kuniambia kwamba anamwona yule mama mzee, ila hana uso. Anaona nyayo tu zimefunikwa shuka, kwa sababu kitanda hutanguliza miguu mlangoni. "Zinakuja mpaka hapa," akasema, akaonyesha mwisho wa meza. "Halafu zinasimama zinanisubiri." Nilijidai kucheka. Nikambadilishia mada, nikamuuliza habari za mtihani wa binti yake. Lakini kuanzia siku ile sikupenda tena kupita upande ule wa meza yake, nilikuwa nazunguka kwa nyuma kama mjinga.

Kisha hospitali ikarudi. Walitaka wodi ya tatu, na bosi akamwambia anakili ya pili yote kama ilivyo. Aliikubali kazi. Akabadilisha jina la ule mlango, akarudisha upana, akahakiki mmoja mmoja, yote kumi na minne, akanionyesha. Nikadhani yameisha. Nilitaka yaishe, ndiyo sababu nilidhani hivyo.

Tukaenda kwenye kikao cha kuwasilisha. Tulikuwa watu saba, meza ndefu, maji ya chupa. Msimamizi wa hospitali, bwana mmoja mcheshi, akaitazama ile milango kwenye mchoro uliomulikwa ukutani, akasema, "Safi sana. Safari hii tusipate tena msukuma vitanda mvivu wa kusingizia mlango." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Mama Futi akasimama. Hakupaza sauti.

"Hakusingizia," akasema. "Ule mlango ni sentimita tisini. Nilinakili mimi, nikakosea. Na karatasi mliyomfukuzia niliituma mimi, kutoka jengo lingine."

Hakuna aliyegusa maji yake. Bosi akaanza, "Nadhani dada anachotaka kusema..." Akamkatiza. "Nimeshasema, bosi. Tumeni mtu akapime." Wakatuma. Mtu yule aliporudi na vipimo hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Jioni hiyo Mama Futi aliambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Hospitali nayo, kwa kuogopa mambo makubwa zaidi, ikaandika barua ya kumsafisha msukuma vitanda, na yeye akaomba aipeleke kwa mkono wake. Akaniambia twende wote. Niliona aibu kukataa.

Tulimkuta nyumbani kwake mchana, kwenye chumba cha mbele ambacho yeye na mkewe wanapigia pasi nguo za watu. Mashati yalining'inia kwenye kamba mpaka ukutani, joto, harufu ya nguo mbichi. Ni mtu wa miaka kama hamsini, mikono minene. Alitukaribisha, akaondoa rundo la mashuka kwenye benchi tukae. Mama Futi hakukaa. Alimpa barua, kisha akaanza kumweleza kuhusu modeli mbili, jina moja na ujumbe alioubonyeza bila kuusoma. 

Yule bwana akamsikiliza kidogo, akainua kiganja.

"Dada, mimi nilikuwepo," akasema. "Mimi naujua. Mwambie huyu."

Akamwonyesha mkewe, aliyekuwa amesimama na pasi mkononi.

Basi Mama Futi akaanza upya, akimwangalia yule mwanamke. Alieleza yote, mpaka sahihi. Mke wa yule bwana akaisimamisha pasi pembeni. 

"Nilimkataza asiutaje huo mlango humu ndani," akasema. "Mbele ya watoto. Nilimwambia aseme tu alichelewa, aombe msamaha, arudi kazini."

"Na sikuutaja," mumewe akasema, bila hasira.

"Miaka sita."

"Ndiyo."

Mkewe akavuta kigoda, akakaa mbele ya mumewe. "Baba watoto, hebu nieleze ilivyokuwa."

Akamweleza, na sisi tumesimama palepale, hakuna aliyetupa ruhusa ya kuondoka. Alisema jinsi alivyosukuma, jinsi alivyorudisha nyuma na kujaribu kwa pembe, jinsi muuguzi alivyokuwa anapiga kelele.  Nilimshika Mama Futi kiwiko.

"Na yeye?" mkewe akauliza. "Yule mama. Alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua. Macho yalikuwa wazi, ananitazama ninavyohangaika." Akapangusa uso kwa shati la mteja, hakuona ni la nani. "Alikuwa ananipa pole, mama watoto. Mimi. Ananiambia, pole mwanangu, usijiumize mkono. Fanya taratibu, nitasubiri."