Uzi Mwekundu Chini ya Nyota

Mtaani walimwita Fundi Rangi, na jina hilo alililipia kwa macho yake. Miaka ishirini na miwili alikaa mbele ya kompyuta katika chumba cha nyuma cha studio ya picha, chumba kisicho na dirisha, kuta zimepakwa kijivu ili zisimdanganye. Chunusi alizifuta, macho mekundu aliyaosha, na bwana aliyekuja na shati la njano alitoka na jeupe. Mabibi harusi waliopita mikononi mwake, hata mama zao walilazimika kuisogeza picha karibu ili wawatambue. "Mteja hataki kujiona," alipenda kusema. "Anataka kupendeza."

Aliyembishia ni mdogo wake tu. Huyu walimpachika jina la Popo, kwa kuwa jua likizama yeye ndiyo kwanza anabeba kamera na stendi yake ya miguu mitatu kwenda kwenye machimbo ya zamani ya mawe, nje ya mji, kupiga picha za nyota. Kamera aliisimamisha mahali tambarare, akaiacha ijipige yenyewe, picha moja kila nusu dakika, mia tatu na ushee. Baadaye alizipanga zote moja juu ya nyingine zikawa picha moja, na kila nyota, badala ya kuwa nukta, ikawa mstari uliopinda. Kamera ikiwa kazini, yeye alipanda mwamba uliokuwa mbele yake akaketi kileleni, na taa ndogo nyekundu kwenye paji la uso, maana taa nyeupe humpofusha mtu asizione nyota. Kwa hiyo kila picha ya Popo, chini ya mistari ya angani, ilikuwa na uzi mwembamba mwekundu, kutoka kwenye kamera hadi mwambani, kisha juu.

"Toa huo uchafu, picha ipendeze," kaka yake alimwambia kila mara.

"Uchafu huo ndio mimi, kaka," Popo alijibu huku akicheka. "Na nyota zangu usizipake bluu. Kila moja na rangi yake. Kuna moja kama kaa la moto kabisa. Wewe unazivalisha sare kama watoto wa shule."

Mama yao aliweka sharti moja tu, kwamba Popo asipande mwamba peke yake. Mwenye kulitimiza alikuwa kaka mtu, aliyekaa chini, kando ya kamera, na tochi kubwa akilalamikia mbu. Jumatano moja zikaingia picha za pasipoti za watu kumi na tisa, wote wanazitaka asubuhi. Fundi Rangi akamwambia mdogo wake, "Tangulia, nakuja." Hakwenda.

Wapasua kokoto walimkuta asubuhi, hatua chache kutoka chini ya mwamba. "Hakuteseka," walisema waliokwenda kumchukua. "Ilikuwa papo hapo." Mama alilirudia neno hilo kwa kila aliyekuja kumpa pole, papo hapo, papo hapo, mpaka likawa ndilo linalompa usingizi. Fundi Rangi naye alilishika kwa mikono miwili. Kama ilikuwa papo hapo, basi hata angekuwepo asingefaa kitu.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, mama akamkabidhi kadi ya kamera, imefungwa kwenye kitambaa. "Nitengenezee hiyo ya mwisho, mwanangu. Kubwa, niitundike."

Akaitengeneza kama alivyotengeneza picha zote. Hakutazama moja moja, angezitazamaje? Aliiachia kompyuta izipange, akageuza uso mpaka ikamaliza. Nyota zilitoka vizuri, ila taa za mji zilikuwa zimeijaza sehemu ya chini rangi ya machungwa. Kidole kikaenda chenyewe. Akapunguza machungwa. Akapunguza nyekundu, akaififisha mpaka ikazama kwenye weusi. Akaongeza bluu. Mazoea yana taabu: mkono ulikuwa umeshamaliza kazi kabla moyo haujaketi.

Jumapili mchana aliitundika ukutani, mkabala na kitanda cha mama. Mama aliitazama sana.

"Nzuri," akasema. Kisha, "Mbona nyota zote bluu?"

"Ndivyo zinavyopendeza, mama."

"Mwenzio alinionyesha ile kama kaa. Siioni." Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Na yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Yeye nani?"

"Ule uzi wake. Aliniambia, mama, ukiuona huo ujue ni mimi. Umempeleka wapi mdogo wako?"

Hakuipandisha sauti. Lakini swali lile lilitoka na Fundi Rangi, likaandamana naye njiani, likaingia studio, likakaa kwenye kiti cha wateja. Kesho yake alimfuta mtu kovu la shavuni, akaogopa, akalirudisha.

Mchana huo huo akafunga mlango, akaanza upya. Rangi ya kwanza kuirudisha ilikuwa nyekundu. Aliivuta polepole. Kaa la moto likawaka upande wa kushoto, mstari mwembamba unaopinda pamoja na wenzake. Halafu chini, uzi. Kutoka kwenye kamera hadi mwambani, kisha juu. Akatabasamu, maana alikuwa Popo huyo, anapanda. Kisha uzi ukashuka, wima.

Hilo alilitarajia. Baada ya hapo alitarajia nukta moja tu, iliyotulia. Lakini chini ya mwamba uzi uliendelea, mfupi, wenye vinundu vinundu, unaelekea kwenye kamera.

Alizifungua picha moja moja, safari hii akitazama. Ya mia na nne, taa iko chini ya mwamba. Ya mia na tano, imesogea. Ya mia na sita, imetulia. Ya mia na saba, imesogea tena, upana wa ukucha. Alihesabu picha arobaini na moja kabla taa haijaacha kusogea kabisa. Saa ya kamera ilionyesha kuanzia saa mbili na dakika kumi na mbili usiku. Wakati huo yeye alikuwa kwenye kiti hicho hicho, anamnyoosha mtu kola ya shati.

Kuuficha ule mwisho ilikuwa kazi ya dakika mbili. Angeacha uzi unaopanda, afute wa chini, na mama angempata mwanawe pamoja na papo hapo yake. Aliuzungushia alama, akaweka kidole juu ya kitufe, akakaa hivyo mpaka skrini ikajizima. Aliona kwamba akiufuta, hiyo itakuwa mara ya pili ya kutokwenda machimboni. Akaichapa picha nzima, akaenda nayo kwa mama, uongo wake tayari mdomoni.

Mama alikipitisha kidole juu ya uzi. "Hapa anakwenda. Hapa anapanda." Kidole kikashuka, akavuta pumzi. Kikaendelea. "Na hapa?"

"Taa ilichomoka, mama. Ikaviringika."

"Ikaviringika, ikapumzika, ikaviringika tena?"

Fundi Rangi akainamisha kichwa.

"Dakika ishirini, mama," akasema. "Alikuwa anarudi kwenye kamera. Alijua mimi hukaa pale. Na mimi nilikuwa kazini."

Alingoja kilio, au laana, na chochote kati ya hivyo angekipokea kwa shukrani. Mama akainama. Akavuta kigoda kilichokuwa chini ya kitanda, akakiweka mbele ya picha, karibu, usawa wa ule uzi wa chini.

"Keti," akamwambia. "Mkalie mwenzio dakika zake."

Akaketi. Mama akageukia saa ya ukutani, akaanza kuhesabu.